Uso wa Peugeot 404 kwenye Corolla: bati au fiba?

KijanaWaKatuba
Yambo bandugu. Naomba ushauri wa haraka kwa wanaojua kazi ya bodi. Niko Lubumbashi, nina Corolla ya 1998, zile zilizopitia Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa, usukani kulia. Injini nzima, haili oili, na spea zake hazisumbui. Nataka ipate uso wa Peugeot 404: kapo (boneti), kalandri (grili) ya kromu yenye simba katikati, taa za duara. Nyuma ibaki kama ilivyo kwanza. Toliye wangu, fundi wa bodi wa Kampemba, anasema tutumie bati. Mwingine wa Ruashi anasema fiba (fiberglass). Wa Kampemba amekwisha kula avansi (malipo ya awali) na anataka kukata Jumatatu. Usingizi hauji. Bati au fiba?

BabaMapacha
Uza Corolla, ongeza dola kidogo, tafuta Mercedes 190. Utapata heshima bila kuchana kitu.

MamaBelAir
Mwanangu, umenikumbusha 404 bashe, ile pikapu. Marehemu mama yangu alikuwa anapanda nyuma chini ya turubai, yeye na magunia ya unga, kutoka Kasumbalesa hadi hapa mjini. Barabara ilikuwa vumbi tupu, akishuka hatumtambui. Ile gari haikuogopa shimo. Hizi Toyota zenu zinalia kila kona. Mimi nasema fanya, Mungu akusaidie.

ToliyeMzee
Bati au fiba ni swali la pili. Kwanza, uso wenyewe unautoa wapi? Kuukunja kutoka bati tupu si mchezo. Kalandri peke yake ingemla fundi mwezi mzima.

KijanaWaKatuba
Uso upo, mzee. Ni wa asili, wa kiwandani.

ToliyeMzee
Sawa. Basi nikuambie jambo kabla hujakata. Wajapani wamefanya kazi hii kiwandani. Kampuni ya Mitsuoka ya Toyama mwaka 1993 ilitoa gari linaloitwa Viewt. Walichukua Nissan March, wakaacha paa, milango, kioo na injini kama zilivyo, wakavisha mbele na nyuma sura ya Jaguar Mark 2. Inapendeza kwa sababu March ile ni ya mviringo na Jaguar ile ni ya mviringo, mabega yanakutana. 404 ilichorwa na Pininfarina, ikatoka 1960, nayo imenyooka kama rula. Ule mstari unaanza juu ya taa, unapita chini ya madirisha, unaishia kwenye pembe za mkia. Ukivisha uso tu, mstari utafika mlangoni na kufa. Watu wataona gari lililovaa barakoa. Kwa hiyo nyuma usiiache. Na nauliza tena: uso upo wapi?

Kasapard
Simba wa Ufaransa ataamka asubuhi ajikute tumboni mwa Mjapani 😂

KijanaWaKatuba
Upo nyumbani, kwenye parseli yetu, kiwanja cha familia.

DadaNgwena
Nyumbani kwenye nini? Uso haukai peke yake kama sufuria. Upo kwenye gari gani, na la nani?

KijanaWaKatuba
Sawa, niseme. Ni 404 ya marehemu baba. Alifanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi, aliinunua mpya 1978. Imesimama miaka mingi chini ya mwembe, tairi zimezama kwenye udongo, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Gasketi ya kichwa ilikufa, na hapa hakuna wa kuniletea nyingine. Mimi ndiye mtoto wa kiume niliyebaki Lubumbashi, mimi ndiye ninayelipa mlinzi wa parseli. Mama yuko Kamina na dada yangu mkubwa yuko Ndola. Sijawaambia kwa sababu najua maneno yatakuwa marefu. Mimi naona hivi: gari likioza lote, baba amepotea lote. Nikichukua uso, baba anatembea tena mjini. Sioni ubaya.

PapaShadrac
Mwanangu, hapo umegusa mali ya marehemu. Mali ya marehemu haina mtu mmoja. Hata kijiko chake hukigawi kabla familia haijakaa. Mama yupo hai, yaya wako, yule dada mkubwa, yupo hai, nawe umekwisha kutoa avansi! Ndugu yangu mmoja aliuza cherehani ya baba yetu bila kuuliza, hadi leo hawaongei na dada yake, na mashine yenyewe ilikuwa haishoni. Piga simu leo.

KijanaWaKatuba
Papa, naheshimu. Lakini hao wanaongoja simu hawajawahi kutuma hata dola kumi za kuifunika mvua inapoanza. Na fundi amekwisha kuweka kapo ya 404 juu ya Corolla kujaribu, imekaa vizuri kabisa, kama zilizaliwa pamoja.

MpeleleziLushi
Simameni kidogo. Mimi nasema iyi ni bongo tupu, uongo uliopangwa. Moja: 404 ya kawaida, si bashe, ilikoma kuundwa Ufaransa 1975. Baba yako alinunua vipi mpya 1978? Mbili: 404 ina upana wa mita 1.6 na kidogo. Corolla hiyo ni mita 1.69, kwa sababu Japani gari la daraja dogo haliruhusiwi kupita mita 1.70, nao wanaibana pale pale. Kapo haiwezi "kukaa vizuri kabisa". Mtu ameona picha mtandaoni, ametunga baba, ametunga kuku, anatafuta watu wa kulia naye.

Kasapard
Kuku nilimwamini sana, jamani.

DadaNgwena
Na mimi nimeanza kushuku. Weka picha.

MuzeeWaKolwezi
Mpelelezi, hesabu yako ya upana naikubali. Ya mwaka haitoshi kumfunga mtu. Kenya waliendelea kuunda 404 hadi 1991, na ndiyo gari waliyoipenda kwa sababu ilishinda Safari Rally 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Tena sisi wa Kolwezi tunajua 1978 ni mwaka gani. Mwezi wa tano vita iliingia mjini, Wazungu wakaondolewa kwa ndege, na wengi hawakurudi. Magari yalibaki.

KijanaWaKatuba
Aksanti muzee. Ndivyo. Baba alikuwa Kolwezi wakati huo. Sisi nyumbani tulisema "mpya" maana alimkuta Mbelgiji ameitumia kidogo mno, plastiki bado ilikuwa kwenye viti. Mpelelezi, picha siweki, mama yangu ana wajukuu wanaosoma humu. Lakini sikiliza. Spring za kiti cha dereva zilikatika, baba akazifunga kwa waya wa shaba wa umeme, na waya umegeuka kijani mpaka umepaka kitambaa. Gia iko kwenye usukani, na kirungu chake kimelika upande mmoja tu, upande wa dole gumba lake. Hayo nimeyatunga kwa nini? Kuhusu kapo, pembeni palibaki nafasi, fundi alisema ataziba kwa mastiki, ile puti ya bodi.

ToliyeMzee
Mastiki sentimita tatu na nusu kila upande! Mvua za mwezi wa kumi na mbili zikipiga, joto likifuata, itapasuka yote na kudondoka barabara ya Likasi. Huyo msimamishe, hata avansi ikienda.

Sasa nakujibu swali lako: fiba. Na sababu kubwa ni kwamba fiba haihitaji kukata 404. Unachukua kalibu juu ya gari la baba likiwa zima. Lioshe, ziba nyufa kwa udongo laini wa watoto wa shule, paka nta, sugua ing'ae, rudia tabaka kadhaa bila uvivu, maana sehemu utakayoruka ndiyo itakayong'ang'ania rangi ya gari. Kisha jelikoti, ile rezini nzito ya tabaka la kwanza, kisha mkeka wa fiba na rezini. Fanya kivulini, ukifanya juani rezini inakauka kabla mkono haujafika. Mdomo wa taa umejikunja kwa ndani, kwa hiyo kalibu ya hapo ifanye vipande viwili vya kufunga kwa bolti, la sivyo haitoki. Kabla ya kuibandua, gundisha mbao mgongoni isije ikajipinda. Ukishapata uso wa fiba, unaupasua katikati na kuongeza zile sentimita saba. Bati la kale ukilipasua hivyo halirudi.

Mambo matatu usimruhusu fundi yeyote ayaguse kwenye Corolla: ule mti wa chuma nyuma ya pareshoki (bampa), vihisio vya mifuko ya hewa kama gari lako linayo, na fremu ya ndani ya kapo yenye kufuli. Fiba igundishwe juu ya fremu hiyo hiyo. Kapo ya fiba yenye kufuli la kubahatisha itakufungukia kwenye kioo.

Taa za duara zitakufaa kuliko unavyodhani. Taa za Corolla yako zimekatwa kwa nchi inayoendesha kushoto, huku kwetu zinampiga machoni anayekuja. Za 404 zimekatwa kwa barabara yetu.

DadaNgwena
Na kalandri? Kromu haitoki kwenye kalibu.

KijanaWaKatuba
Kalandri nachukua ya asili. Hapo sirudi nyuma. Ina bolti, inafunguka, siku ikitakiwa inarudi.

PapaShadrac
Yaya wako anajua?

KijanaWaKatuba
Nimempigia sasa hivi. Alinyamaza kwanza. Kisha akauliza kama ufunguo bado uko kwenye kile kikopo cha Blue Band. Amesema atakuja mwenyewe mwisho wa mwezi, atamfuata mama Kamina kwa treni ikiwepo, na hadi hapo nisifungue hata bolti moja. Nimemwambia fundi wa Kampemba Jumatatu haipo. Amekasirika, avansi amesema ameshaila.

MpeleleziLushi
Mimi bado nataka kuona waya wa shaba. Lakini fiba, ndiyo, nakubali.

ToliyeMzee
Kabla dada hajafika fanya kazi isiyohitaji ruhusa ya mtu. Injini ya 404 imelazwa digrii 45, ndiyo maana kapo yake iko chini. Ya Corolla imesimama wima. Chukua kamba na rula, pima kutoka juu ya sanduku la kichujio cha hewa hadi kapo yako ilipo sasa, halafu pima 404 mahali pale pale. Ukikuta haitoshi, tutainua kalibu kwa nyuma karibu na kioo, si mbele kwenye taa. Lete namba hizo humu.