Tupeane uzoefu: wewe unayechora mazimwi na majini, ulijifunzia kwa msanii gani?

Wakuu, salaam.

Wachora katuni za siasa wana nyuzi zao tele humu. Sisi wa mazimwi, majini na falme za kufikirika hatuna hata kibaraza. Nafungua mimi.

Niko Mbagala, najifunza mwenyewe kwa simu na bando. Aliyenivuta ni Arthur Rackham, Mwingereza aliyefariki 1939, mchoraji wa vitabu vya hadithi. Miti yake ina pua na magoti, unaiona kabisa inakusikiliza. Nilikaa naye muda mrefu nikimkopi mstari kwa mstari. Yeye huanza na kalamu ya wino, halafu anapitisha rangi za maji nyepesi, tabaka juu ya tabaka, mpaka picha inapata ule wekundu wa chai ya rangi. Ukitaka kumfuata, achana na manila, inajikunja ikilowa. Tafuta karatasi nene ya rangi za maji, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Bei inauma, ila kata vipande vidogo. Na masika subiri kila tabaka likauke kwelikweli, unyevu wa pwani hauna haraka.

Baada ya kumkopi nikaenda kuchora mikoko kule Kunduchi. Maji yakitoka, mizizi yote iko nje juu ya tope, imepindana inavyotaka. Nilikuwa nimeipita mara nyingi sijaiona. Sasa majini yangu yote yanaishi mikokoni, na hakuna aliyeniambia yanafanana na ya Rackham.

Karibuni.

Dada wa Sinza:
Mimi Frank Frazetta, Mmarekani wa mashujaa wenye mashoka. Wengi wanakopi misuli, wanaacha kitu cha maana: mwanga. Chukua picha yake yoyote uifinyie macho, utabaki na madoa mawili matatu tu, palipong'aa na palipozama gizani. Mimi nachora hayo madoa kwanza, vidogo kama stempu, kabla sijagusa uso wa mtu. Halafu kuna huyu James Gurney, mchoraji wa dinosaria, yeye hufinyanga kiumbe chake ndipo akimulike taa aone kivuli kinaangukia wapi. Nami nafinyanga kwa udongo wa kuchezea wa mwanangu. Umeme ukikatika ndiyo raha yenyewe, tochi ya simu inatosha.

Frazetta huyo kiharusi kilimharibia mkono wa kulia uzeeni, akajifunza upya kwa kushoto. Wanaosubiri wapate tableti ya kuchorea ndipo waanze, hayo ni yenu.

Mzee wa Mwenge:
Wanangu mnakwenda mbali. Mashetani ya Wamakonde yamejaa hapa Mwenge kwenye vinyago, jicho moja, mdomo ubavuni. George Lilanga aliyatoa kwenye mti akayapeleka kwenye rangi, akiwa Nyumba ya Sanaa hapa hapa mjini. Amefariki 2005, picha zake zimezunguka dunia. Mmeshamkopi huyo?

Mwanzisha uzi:
Shikamoo mzee. Kusema kweli bado. Kwani si ni mtindo ule ule wa Tingatinga?

Mzee wa Mwenge:
Marahaba. Hapana. Edward Tingatinga alianza 1968, hadibodi na rangi za baiskeli, na kazi yake kubwa ni wanyama. Lilanga ni mashetani, wanacheka, wanabebana, wanapiga soga, hakuna nafasi tupu kwenye picha. Kitu kimoja tu: rangi ya mafuta usiipandishie nyingine ikiwa mbichi, zitachanganyika zote uje kulia. Kivuli hakuna humo. Umbo linasimama kwa mstari na rangi zinazogombana.

Dada wa Sinza:
Mzee hapo nakupinga kidogo. Bila kivuli siogopi. Shetani wa Lilanga ningemkaribisha chai.

Mzee wa Mwenge:
Na ndivyo alivyotaka, mama. Nani kakuambia shetani lazima atishe?

Mwanzisha uzi:
Nakuja Mwenge Jumamosi na daftari, mzee. Halafu anayejua duka Kariakoo lenye wino usioyeyuka kwa maji, wa chupa ndogo, aniambie. Niliouziwa ni wa mihuri.