Video ya harusi haifiki kwa Bibi Tanga

Kutoka: Mama Nasra, Leicester

Wanajamii, hamjambo. Alhamdulillah, Jumamosi iliyopita tumemuoza mdogo wetu hapa Leicester, na wote mliohudhuria Mungu awalipe. Kinachonitatiza sasa ni Bibi. Yuko Tanga, magoti hayamruhusu kupanda ndege, na kila tukiongea swali lake ni moja: picha ziko wapi? Nina video moja ya dakika 18 na picha chungu nzima. Video, WhatsApp inaikataa na barua pepe inagoma. Picha zinafika, lakini ile hina iliyochorwa kutwa nzima, ua kwa ua mpaka kwenye kiwiko, kule inaonekana kama piko iliyomwagika. Bibi anaangalizia kwenye simu ya mjukuu anayekaa naye, Android ya siku nyingi, bando la kuunga siku kwa siku. Mwenye kujua anielekeze.

Kutoka: Baba Imani, Columbus, Ohio

Hongereni sana, dada. Barua pepe isahau, Gmail mwisho wake ni MB 25. Video yenyewe, kama ilirekodiwa kwa iPhone kwenye 4K, ule ubora wa juu, kwa fremu 30 kwa sekunde, kila dakika inakula karibu MB 170. Dakika 18 ni kama GB 3, na WhatsApp hata ukiituma kama waraka (Document) haipokei zaidi ya GB 2. Kwa hivyo lazima uipunguze kabla haijatoka kwako. Kuna programu ya bure ya kompyuta, HandBrake. Ingiza video, chagua faili la MP4 lililobanwa kwa H.264, mtindo ambao hata simu za zamani zinausoma, ukubwa wa picha wa 720, na kasi ya megabiti 1.5 kwa sekunde pamoja na sauti. Itatoka kama MB 200. Usivutwe na H.265, mtindo mpya zaidi, kwa sababu faili lake ni dogo zaidi; kwenye simu ya zamani mnaweza kupata vigelegele bila picha.

Picha nazo zinaharibika kwa sababu WhatsApp huzibana. Kile kitufe cha HD kilicholetwa 2023 kinasaidia, ila bado kinabana. Bonyeza alama ya kuambatisha, chagua waraka, ndipo uchague picha; itakwenda jinsi ilivyo. Lakini angalia: iPhone za tangu 2017 huhifadhi picha kwa HEIC, aina ya faili ambayo simu nyingi za zamani haziijui, na ukituma kama waraka inafika hivyo hivyo, HEIC. Simu ya mjukuu huenda isiifungue. Zigeuze kwanza ziwe JPEG, aina ya kawaida inayofunguka kwenye simu yoyote. Kwenye Mac fungua kwa programu yake ya Preview, uzihifadhi upya kama JPEG.

Kutoka: Mzee wa Oslo

Baba Imani amesema kweli tupu, ila hakumtaja anayelipa. MB 200 kwa mtu anayeunga bando la siku zinaweza kuwa bando lenyewe lote, na likikata katikati hajaona kitu. Na picha ikienda kama waraka, moja tu ni MB kadhaa.

Mama Nasra, mchagulie Bibi picha kumi. Hina kwa karibu, maharusi wamekaa, wajukuu wamesimama mstari mmoja, zile atakazowaonyesha majirani. Hizo tuma kama waraka. Kwenye video mkatie dakika mbili za bi harusi kuingia ukumbini. Zinazobaki zitie kwenye flashi, umpe mtu anayesafiri. Kama Bibi ana runinga yenye tundu la flashi, MP4 hiyo aliyosema Baba Imani ndiyo runinga nyingi zinayoisoma, na huko ataona sura za watu bila kutafuta miwani. Flashi ikiwa imepangwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili moja linalofika GB 4, kwa hiyo hata ile video yako kamili ya GB 3 itaingia.

Mimi simu za wazee sizijazi. Ikijaa, vijana wanafuta, na video ndiyo ya kwanza kuondoka.

Kutoka: Kijana wa Milton Keynes

Shikamooni wakubwa. Mbona mnajitesa? Weka YouTube, chagua isiorodheshwe (Unlisted), tuma kiungo. Haitafutiki, na inajipunguza yenyewe mtandao ukiwa dhaifu.

Kutoka: Shangazi, Muscat

Marahaba mwanangu, subiri kidogo. Hiyo dakika 18 imechukuliwa ukumbi wa wanawake, au nakosea? Mle watu wamevua mabuibui, wamecheza chakacha, wengine wamekaa nywele wazi wakijua mlango una mtu. Wengi wetu hatuwezi kumkatalia mwenye harusi kupiga video, ila tunamwamini kwamba itabaki ndani. Isiorodheshwe maana yake haionekani ukitafuta tu. Mwenye kiungo yeyote anaitazama, na kiungo kikishaingia kundi moja la ukoo, kesho kiko kwa shemeji wa jirani. Ile ya faragha kabisa inamtaka mtazamaji awe na akaunti na umwalike, na Bibi akaunti anaitoa wapi? Tena taarab iliyopigwa mle YouTube huweza kuitambua, na mwenye haki akitaka video inazuiwa.

Kata kipande ambacho kina bi harusi na watu wa nyumbani peke yao, kisha waulize kabla hujatuma. Flashi vilevile: mwambie mchukuzi ni ya Bibi, isichomekwe kwenye kompyuta ya dukani kunakilishwa.

Na jambo moja kwa Baba Imani. Picha ikienda kama picha, WhatsApp huondoa alama ya mahali ilipopigwa. Ikienda kama waraka, alama inabaki ndani. Zile za kumpamba bi harusi zilipigwa nyumbani kwa wazazi wake. Kwa Bibi si neno, lakini zikisambazwa, nyumba inajulikana. Kwenye iPhone, ukibonyeza kushiriki, kuna chaguo juu la kuzima mahali, lizime.

Kutoka: Baba Imani, Columbus, Ohio

Shangazi, shikamoo, hapo umenena. Hilo la mahali nilipaswa kulitaja pamoja na waraka.

Kutoka: Mama Nasra, Leicester

Asanteni nyote. Shangazi, shikamoo, hukukosea, ni ukumbi wa wanawake. Nimewapigia waliomo kwenye kile kipande cha kuingia. Wawili wameomba wakatwe, nimewakata, imebaki dakika moja na nusu. Picha kumi nimezigeuza JPEG, mahali nimezima. Zimefika leo, na Bibi amepiga simu kuuliza kwa nini mkono wa kushoto wa bi harusi hina imekolea kuliko wa kulia. Sasa natafuta mtu anayekwenda Tanga, au hata Dar, kabla ya mfungo. Awe mwanamke, tafadhali. Flashi iko tayari.