Naomba ushauri: Sony RX100 III au Canon G7 X Mark II?

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Natafuta kamera ndogo ya kutembea nayo kila siku, hasa kupiga picha za watoto na mitaa. Nimebakiwa na hizi mbili, zote used, bei zinakaribiana. Sensa (sehemu inayonasa picha) zote ni inchi 1, megapikseli 20. Canon inavuta vya mbali zaidi (zoom), 24-100mm kwa 24-70mm ya Sony, na skrini yake ni ya kugusa. Ila Sony ina kitundu cha kuchungulia, na kwa jua la saa saba hapa Tanga skrini huioni kabisa. Dukani nimezishika zote: Canon imekaa vizuri mkononi, Sony inateleza.

Mliozitumia, ipi inawahi kufokasi mtoto asiyetulia ndani kwenye mwanga hafifu? Na nikague nini kwenye lenzi kabla ya kulipa?