Kikundi cha ukoo: WETE NA UNGUJA

Shangazi Zuwena: Assalaam alaykum. Nasema hapa hapa kila mtu asikie. Maryam jana kachambua karafuu mpaka saa sita usiku. Leo mwalimu wake kanisimamisha njiani, mtoto kalala darasani. Na mtihani wa kidato cha nne Novemba!

Ami Hamadi: Waalaykum salaam. Dada, karafuu hailali na makonyo yake, vile vikonyo vya kishada. Ikirundikwa usiku inapata moto, ukiianika haitoki tena ya daraja la kwanza.

Shangazi Zuwena: Nayajua hayo wewe hujaota meno. Nauliza kaka yake alikuwa wapi.

Salim: Nilikuwa juu ya mikarafuu tangu asubuhi shangazi 😅

Rahma: Ukashuka saa ngapi?

Salim: Alasiri

Rahma: Baada ya hapo?

Salim: Kulikuwa na mpira

Mama Salim: 😂 Mwacheni mwanangu. Tawi likikatika huko juu ni mgongo huo.

Rahma: Mama, hatari tunaijua. Lakini pishi zikipimwa, pesa anashika Salim peke yake. Maryam kamaliza pakacha zima, kaambiwa "ahsante mwanangu, haya kaoshe masufuria". Mmoja kafanya kazi, mwengine "kasaidia". Karafuu zile zile!

Ami Hamadi: Kuchuma kazi ya kiume. Kuchambua ni kukaa kitako na kupiga soga, wanawake wamezoea.

Khalid: Ami, harusi ya da Rahma biriani alipika nani?

Ami Hamadi: Mpishi.

Khalid: Mwanamme. Na wasaidizi wake wanaume watupu, vitunguu wamemenya wenyewe. Nenda Forodhani, pale bustanini Unguja mjini, usiku uone wanaokaanga na kuchoma ni akina nani.

Ami Hamadi: Wale wanalipwa.

Rahma: Haya, umesema mwenyewe ami yangu.

Khalid: 🤐

Mama Salim: Nimemsomea bibi meseji zote. Anasema babu yenu alikuwa akichambua. Anakamata kishada, anakisugua kiganjani mara moja tu, karafuu huku makonyo kule, kawashinda wote jamvini. Mtu akipiga hodi anakimbilia ndani.

Shangazi Zuwena: Hilo la kukimbia ndo nalisikia leo 😂😂

Ami Hamadi: Bibi anatia chumvi.

Mama Salim: Anasema kamuulizeni Hamadi nani alimfunza.

Ami Hamadi: Hayo ya zamani. Basi, Maryam akishasali isha ashike vitabu. Wengine nitawalipa kuchambua, nusu ya bei ya kuchuma.

Rahma: Nusu kwa nini?

Ami Hamadi: Tutayasema tukionana, si kwenye simu.

Shangazi Zuwena: Nakuja kesho asubuhi. Salim, leo jamvini wewe na wenzako.

Salim: Shangazi leo nusu fainali!

Shangazi Zuwena: Sikiliza kwenye redio. Masikio hayachambui.