Bucks na Lillard: walilamba dume au garasa?

Mkia wa Taa (mleta mada)
Wakuu, vumbi limetulia, tuongee. Mwezi huu wa Julai 2025 Milwaukee Bucks wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, wamevunja mkataba wa Damian Lillard, pointi gadi (mchezeshaji) waliyemchukua Portland kwa mbwembwe zote Septemba 2023. Zilikuwa zimebaki kama dola milioni 113. Wamezigawa, watalipa kama milioni 22.5 kila msimu kwa miaka mitano, na mtu mwenyewe hachezi kwao. Karudi zake Portland, bado anauguza kano ya kisigino.

Tukumbushane walichotoa: Jrue Holiday, Grayson Allen, chaguo la raundi ya kwanza la 2029 (zamu ya kuchukua chipukizi kwenye drafti), na haki ya Portland kubadilishana nao machaguo 2028 na 2030. Walichovuna: misimu miwili, kutolewa raundi ya kwanza ya mitoano mara mbili, na mara zote mbili na Indiana ileile.

Mimi nasema garasa. Ila swali langu ni moja: dili lilikuwa bovu tangu siku ya kwanza, au liliharibiwa na majeraha? Nataka hoja, sitaki matusi.

Saa ya Dame
Garasa? Wewe kikapu umeanza kukiangalia lini? Mtu kakupa pointi 24 na asisti 7 kwa mechi, misimu yote miwili. Desemba 2024 Las Vegas wakabeba Kombe la NBA, wakamchapa OKC (Oklahoma City) 97-81. OKC huyuhuyu aliyekuja kuwa bingwa Juni! Wachezaji wakaondoka na zaidi ya nusu milioni ya dola kila mmoja. Garasa gani hilo?

Bi Rebaundi
Kombe la Desemba ni Kombe la Mapinduzi tu hilo. Unalishangilia likiwa bado la moto, ikifika Mei hakuna anayelikumbuka.

Chumvi ya Wete
Kombe la Mapinduzi limeingiaje hapa? Kila mkitaka mfano wa kitu kisicho na thamani lazima mvuke bahari?

Bi Rebaundi
Mimi mwenyewe wa Kikwajuni, tulia.

Chumvi ya Wete
Ndiyo vibaya zaidi.

Hesabu Kwanza
Mnabishana kuhusu aliyeingia, aliyetoka hamumtaji. Holiday ndiye aliyempokonya Devin Booker mpira kwenye fainali ya 2021, mechi ya tano, pale Phoenix, Bucks wakiwa mbele kwa pointi moja. Akapandisha, akamrushia nyota wao Giannis hewani, habari ikaishia pale. Ubingwa wa kwanza Milwaukee tangu 1971.

Ukimtoa huyo ukamweka Lillard, mbele unanenepa, nyuma unakonda. Msimu wa 2022-23 ulinzi wa Bucks ulikuwa wa nne kwenye ligi, wakashinda mechi 58. Msimu uliofuata ulinzi ukaporomoka hadi nusu ya chini, ushindi 49. Kila timu ilikuwa inamwinda Lillard: anawekewa skrini, anapitwa, senta Brook Lopez anabaki peke yake chini ya ringi hajui amfuate mwenye mpira au anayekata kuingia. Kocha Griffin wakamfukuza Januari akiwa na ushindi 30 na vipigo 13, akaja Doc Rivers, akamaliza na 17-19. Kocha alifukuzwa, tundu lilibaki palepale.

Na kibaya zaidi, Portland hawakuwa na shida na Holiday. Siku nne tu, wakampeleka Boston. Juni 2024 Boston bingwa, Holiday yumo kwenye watano wanaoanza. Umeuza jembe lako, jirani kalinunua, kavuna nalo.

Lakini wengine humu NBA yao ni vipande vya sekunde thelathini vya TikTok. Wakiona mtu anagonga saa ya mkononi kama Lillard akifunga, wanadhani huo ndio ulinzi.

Saa ya Dame
TikTok mimi? MIMI? Mwezi wa tano sijawahi kulala tangu 2014. Mke wangu anajua. Mlinzi wa mtaa wetu anajua, maana ndiye aliyekuja kugonga dirisha asubuhi ile ya 2019, Lillard alipowatoa OKC kwa ile tatu ya kutoka karibu na nembo ya katikati. Alidhani tumevamiwa. Nimechoma bando ambalo ungejengea choo. Leo mtu anayesoma majedwali kama karani wa mahakama aniambie mimi wa TikTok!

Hesabu Kwanza
Sijakutaja jina, mkuu. Aliyevaa kofia imemtosha.

Saa ya Dame
Mimi siyo mkuu wako.

Mkia wa Taa
Jamani. Ulinzi. Jibuni hoja ya ulinzi.

Nairobi Ndogo
Wacha niwasaidie, kwa maana naona mnazunguka mbuyu. Timu ilipewa Giannis na Lillard, ikacheza mitoano miwili bila kuwa nao wazima wote wawili. 2024 dhidi ya Indiana Giannis alicheza zile mechi mbili za mwisho akichechemea, na bado...

Bi Rebaundi
Hapana kaka. Giannis 2024 hakukanyaga sakafu hata dakika moja kwenye mfululizo ule. Kigimbi. Aliyekosa mechi mbili ni Lillard, ya nne na ya tano.

Nairobi Ndogo
Haya, asante, hata inanisaidia. Basi 2024 hakukuwa na Giannis kabisa. 2025 Lillard damu ikaganda kwenye mguu Machi, watu tukajua amemaliza msimu, jamaa akarudi mechi ya pili. Mechi ya nne, robo ya kwanza haijaisha, anakimbilia rebaundi, hakuna mtu amemgusa, kisigino kimekatika. Meneja gani angepiga ramli ajue hivyo? Mwaka huo huo Tatum wa Boston, kisigino. Haliburton wa Indiana, kisigino, tena kwenye mechi ya saba ya fainali. Dili lilikuwa zuri, miguu ndiyo ilikataa.

Lakini hata nashangaa kubishana na Watanzania mambo ya kuchagua wachezaji. Si nyinyi mlitoa Hasheem Thabeet, namba mbili kwenye drafti, Curry akaenda namba saba? 😂

Mkia wa Taa
Nairobi, nakuomba. Usiutoe uzi kwenye reli.

Mtoto wa Makongo
Nilikuwa nasoma kimyakimya, sasa nimekaa vizuri. Kwanza, Thabeet hakujichagua. Waliomchagua 2009 ni Memphis, kwa akili zao na pesa zao. Pili, kijana wa Dar aliyeanza kuushika mpira wa kikapu ameshabalehe, akaenda Connecticut akawa mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo, mara mbili. Sentimita 221. Kacheza mechi 224 za NBA. Mia mbili ishirini na nne. Nyie mmepeleka nani? Nitajie jina moja, nasubiri hapa na chai yangu.

Nairobi Ndogo
Pointi 2.2 kwa mechi, lakini.

Mtoto wa Makongo
Jina.

Nairobi Ndogo
Sisi tunaenda kama timu. Morans, timu yetu ya taifa, walifika fainali ya AfroCAN 2019, Bamako. Medali ya fedha. Nyinyi mlikuwa wapi?

Mutoto ya Virunga
Na munajua ni nani aliwapiga kwenye ile fainali? Congo. Miye nilizaliwa Goma, sasa niko Liège, nasoma hii vita yenu nacheka tu. Kuminga ni mutoto wa Goma, namba saba 2021, pete ya ubingwa na Warriors 2022. Biyombo ni wa Lubumbashi, namba saba 2011. Mukimaliza kugombana mutuite, tutawafundisha wote wawili.

Nairobi Ndogo
Huyu ametoka wapi tena?

Mtoto wa Makongo
Mwache aseme, amekupiga pazuri.

Hesabu Kwanza
Kwa kuwa mmeamua kwenda huko: kosa la Memphis halikuwa Thabeet, lilikuwa mahitaji. Tayari walikuwa na Marc Gasol katikati na Mike Conley kama pointi gadi. Ukiwa na Gasol, mtu mrefu asiyejua kurusha anapata wapi dakika? Bado ni mgeni kwenye mchezo, anahitaji kucheza akikosea, wao wakamkalisha benchi, Februari 2010 wakampeleka ligi ya chini, mwaka mmoja baadaye akawa nyongeza kwenye dili la kumpata Shane Battier. Harden alichukuliwa namba tatu, mara tu baada yake. Hayo ni ya meneja, siyo ya kijana. Na ndiyo maana yanafanana na haya ya Bucks: usinunue kitu kwa sababu kinang'aa, nunua...

Mtoto wa Makongo
"Asiyejua kurusha" umeitoa wapi? Ulimwona akicheza au umeisoma kwenye jedwali?

Saa ya Dame
Hahaha! Karani wa mahakama kapatikana.

Hesabu Kwanza
Nyie watu mna shida.

Bi Rebaundi
Nirudi kwenye mada, kama mleta mada bado yu hai. Mnalipima dili kwa pointi na ulinzi kana kwamba Bucks walikuwa wanamnunua Lillard. Walikuwa wanamnunua Giannis. Kumbukeni kiangazi kile cha 2023: wametoka kuchapwa 4-1 na Miami, Jimmy Butler kawatwanga 56 kwenye mechi moja, kocha Budenholzer kafukuzwa, na Giannis kaanza kusema hadharani kwamba hatasaini mahali ambapo haoni nia ya ubingwa. Mwishoni mwa Septemba wanaleta Lillard. Oktoba, Giannis kasaini nyongeza ya miaka mitatu, dola milioni 186. Lillard alikuwa mahari. Na mwenyewe hata hakutaka kwenda, alitaka Miami.

Mara ya kwanza mahari alikuwa huyohuyo Holiday: 2020, ili kumpata, walitoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza na haki mbili za kubadilishana, Giannis akasaini, mwaka uliofuata pete. Wakadhani mahari ya pili itafanya kazi kama ya kwanza.

Chumvi ya Wete
Mahari hatoi mume kwa mume mwenziwe. Mfano umekaa upande.

Bi Rebaundi
Wewe leo una nini na mimi?

Chumvi ya Wete
Mapinduzi.

Mkia wa Taa
Bi Rebaundi umenifungua macho. Basi nibadilishe swali: siyo "dili lililipa?" bali "Giannis atabaki?" Maana akiondoka, yale machaguo ya 2028, 2029 na 2030 yatakuwa ya timu mbovu, na yako mikononi mwa Portland.

Saa ya Dame
Umebadilisha swali kwa sababu umeshindwa lile la kwanza.

Mkia wa Taa
Nimeshindwa na nani? Wewe? Umeandika nini zaidi ya habari za mlinzi wa mtaa?

Mutoto ya Virunga
Hakuna mutu anasema jambo la Portland? Angalieni vizuri. Walitoa Lillard, wakapata senta Ayton, machaguo, na kijana mumoja Toumani Camara, huyu wetu wa Belgique, alichukuliwa namba 52, akatupwa ndani ya dili kama chumvi kwenye mboga. Musimu wa 2024-25 aliingia kwenye kikosi cha pili cha walinzi bora wa ligi. Holiday walimupeleka Boston wakapata Robert Williams na machaguo mengine mbili. Mwezi huu Holiday amerudi kwao, wametoa muchezaji wao Simons. Na Lillard amerudi pia, miaka mitatu, milioni 42. Wote wawili, Lillard na Holiday, wako nyumba moja, na machaguo ya Milwaukee bado iko kwenye mufuko. Dume ilirambwa, lakini si Milwaukee.

Mtoto wa Makongo
Portland pia Thabeet kachezea, 2012. Muwe mnataja.

Nairobi Ndogo
Mechi ngapi?

Mtoto wa Makongo
Jina. Bado nasubiri jina.

Saa ya Dame
Wakati mnagombana mimi nina tatizo la kweli. Jezi yangu ya Bucks namba 0 nilinunua Kariakoo wiki ileile ya dili, elfu thelathini na tano, mgongoni wameandika LILARD, L moja imepotea. Nilivumilia. Sasa mtu karudi Portland. Naifanyia nini?

Bi Rebaundi
Ya kijani?

Saa ya Dame
Ya kijani.

Hesabu Kwanza
Saizi gani? Mdogo wangu anaichukua ya mazoezi. Elfu nane.

Saa ya Dame
Elfu nane wewe karani? Ishirini, na hapo nakuonea huruma.

Hesabu Kwanza
Kumi. L moja haipo.