Ikarus haikufa kwa ubovu wa mabasi, acheni kutulisha matango pori

Wakuu, huu uzi naufungua nikiwa na hasira na wala sitaficha.

Juzi nipo Kimara nasubiri mwendokasi. Likaingia lile basi refu la kukunjika, foleni ikaanza kusukumana. Kijana mmoja mbele yangu akamwambia mwenzake kwamba mabasi ya namna hii Bongo tumeyajua juzi juzi. Nikaingilia, maana sikuweza kuvumilia. Nikamwambia, mdogo wangu, sisi tulipanda basi la kukunjika hapa hapa Dar kabla mama yako hajaandikishwa darasa la kwanza. Likiitwa Ikarus, jina la kiwanda cha Hungaria kilicholitengeneza, wenyewe tukaliita kumbakumba. Dogo akacheka, akanijibu: "Yale ya Wahungaria? Mzee, yale yalikuwa makopo ya kijamaa, ndiyo maana kiwanda kikafa."

Makopo! Na si yeye peke yake. Kila yakitajwa Ikarus lazima atokee mjuaji mmoja aandike "ubovu" na "ujamaa", halafu anaondoka kama vile kamaliza kesi.

Haya, tuanze na ubovu. Ile modeli ya 280, yenye mabehewa mawili, yalitengenezwa zaidi ya 60,000. Nduguye 260, lile fupi lisilokunjika, yakapita 70,000. Yalizunguka Moscow, Berlin Mashariki, Warsaw, Havana. Budapest kwenyewe waliyastaafisha Novemba 2022, na watu wakajipanga barabarani kuyaaga kama msiba wa mzee wa ukoo. Kopo gani linakaa barabarani nusu karne? Hiyo daladala yenu ya mtumba inamaliza hata miaka kumi bila kushushwa injini?

Mimi lile basi nalijua kwa miguu. Utotoni nilikuwa nagombania kusimama pale katikati, kwenye sahani ya chuma ya duara, penye ule mpira uliokunjwa kama kodiani. Dereva akikata kona unahisi sakafu inazunguka chini ya ndala zako, mguu mmoja unaelekea Magomeni na mwingine unabaki Ubungo. Mpira unafunuka upande mmoja, unabanana upande wa pili, vumbi linakuingia puani. Injini ipo tumboni chini ya sakafu ya behewa la mbele, ukiweka kiganja kwenye nguzo unaisikia mpaka kwenye meno. Konda alikuwa anaanza kukata tiketi mbele, mpaka afike nyuma nusu ya watu washashuka bila kulipa. (Sitaji majina, lakini mmojawao leo ni mzee wa kanisa.)

Sasa tuje kwenye kilichoua, na hapa ndipo naomba wajuaji wakae chini.

Nchi za kijamaa za Ulaya zilikuwa na umoja wao wa kiuchumi, Comecon. Ndani yake waligawana kazi: fulani atengeneze hiki, fulani kile. Hungaria ikapewa mabasi makubwa. Ikarus, ambayo ilianza mwaka 1895 kama karakana ya mhunzi Imre Uhry pale Budapest, ghafla ikajikuta ina soko lisilo na mpinzani kuanzia Berlin hadi Vladivostok. Miaka ya 1980 ilikuwa inatoa zaidi ya mabasi 12,000 kwa mwaka, na mzigo mkubwa kuliko yote ulikwenda kwa mteja mmoja: Usovieti.

Mteja mmoja, wakuu! Muuza vitumbua yeyote atakwambia, ukitegemea ofisi moja ikununulie sinia zima kila asubuhi, siku ofisi ikihama unakula vitumbua vyako mwenyewe.

Na malipo yenyewe ilikuwa mali kauli. Hawakulipwa dola wala maki. Walilipana kwa rubo, sarafu ya Usovieti, tena za kwenye vitabu tu, ambazo huwezi kwenda nazo Ujerumani Magharibi kununulia mashine mpya. Unapeleka mabasi, unaandikiwa, kisha unachukua mafuta na malighafi kwa wale wale uliowauzia. Mzunguko ukawa mtamu kwa miaka mingi, kila mtu anakula, hakuna anayeuliza.

Mwaka 1991 ukaingia, wakasema kuanzia sasa tunalipana kwa fedha ngumu na kwa bei za soko la dunia. Usovieti dola ilikuwa inazitafuta kwa tochi. Katikati ya mwaka Comecon ikavunjwa, Desemba Usovieti wenyewe haupo. Jamani, katika mwaka mmoja tu kiwanda kimepoteza mteja, kimepoteza sarafu, kimepoteza na nchi iliyokuwa inakidai na kudaiwa! Miaka michache baadaye uzalishaji haukufika hata robo ya ule wa zamani. Hapo ubovu wa basi uko wapi?

Lawama ya kwao ipo, siwatetei kipofu. Umbo la mfululizo wa 200, ule wenye hizo 260 na 280, lilichorwa miaka ya 1960, na mwaka 2000 bado walikuwa wanayatoa. Hawakukosa akili. Walikuwa na mfululizo mpya wa 400 tangu miaka ya 1980. Lakini mteja mkubwa alitaka yale yale, kwa bei ile ile, mengi kadiri inavyowezekana, na wewe ni nani umbishie aliyekubeba? Wakati huo wenzao wa Magharibi walikuwa wanahamia mabasi ya sakafu ya chini ambayo bibi anapanda bila kuinuliwa. Ikarus ikaja nayo ikiwa imechelewa na mfukoni haina kitu.

Na wale mnaosema "Wahungaria hawajui kutengeneza", hili nendeni nalo mkalale. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wamarekani walinunua mabasi ya kukunjika ya Ikarus. Kampuni ya Crown ya Los Angeles ilikuwa inayamalizia kule kwao, na mji wa Portland uliyatumia. Baadaye kipande cha Ikarus kikamegwa kikawa kampuni nyingine, NABI: mabodi yanaungwa Budapest, yanasafirishwa hadi Anniston, Alabama, yanafungwa injini, yanauzwa miji ya Marekani. Mikono ni ile ile, mji ni ule ule. Upande wenye mteja anayelipa ukaendelea, mpaka New Flyer, watengeneza mabasi wa Kanada, wakaununua mwaka 2013. Upande uliobaki na madeni ya Mashariki ukazama.

Mwisho wake ndio unaoniuma zaidi. Mwaka 1999 Iveco na Renault waliunganisha mabasi yao wakaunda Irisbus, Ikarus ikaingizwa humo ndani. Tuliwahi kuona sinema hii hapa kwetu, si ndiyo? Mwekezaji anakuja na suti, watu wanapiga makofi, baada ya muda geti lina kufuli. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 2000 karakana kuu ya Budapest ilishafungwa na ule mfululizo wa 200 umeshafika mwisho. Jina limefufuliwa baadaye, lakini jina tu halibebi abiria.

Halafu hapa kwetu tunasema "Ikarus yalikuwa yanaharibika". Yanaharibika, ndiyo, basi gani haliharibiki? Hizo zilikuwa zama za vita ya Kagera imekwisha na hazina imekauka, hata sabuni ilikuwa ya foleni. Spea zinataka fedha za kigeni na fedha za kigeni hakuna. Basi likikosa kitu kidogo tu linapandishwa juu ya mawe, lingine linakuja kunyofolewa ili la tatu litembee. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi, nauli shilingi tano, dala, ndipo mkapata daladala. Kumbakumba likasahaulika. Halafu leo mtu analaumu bodi na injini!

Kuna banda la kuku moja Kigamboni, mwenyewe alinunua bodi la nyuma kwenye chuma chakavu. Nilikwenda kununua mayai, nikapapasa ubavuni chini ya rangi ya kijani, nikakuta alama za herufi zilizong'oka, K na A bado zimeshikilia na rivi zake. Mlango ule wa kukunja bado unafunguka. Nimeufungua mara mbili, yule bwana akaniuliza kama mayai nayataka au siyataki.

Aliyewahi kuyaendesha au kuyatengeneza aje hapa atie neno. Na wewe dogo wa Kimara, kama unasoma huu uzi, ile siku uliniacha kituoni naongea peke yangu. Jibu langu ndilo hilo.