Baiskeli za umeme: wati 250 zinatosha au tunabanwa bure?

Mnyongaji: Wadau, Ulaya mota mwisho wati 250 na ukifika kilomita 25 kwa saa inakuachia unyonge mwenyewe. Marekani majimbo mengi wanaenda hadi 750, spidi 32, na kuna daraja la baiskeli zinazofika spidi 45. Kilima ni kilima tu popote, sasa tofauti yote hiyo ya nini? Mi naona wabane spidi, nguvu waiache, mwenye mzigo anataka nguvu siyo mbio.

Chuma_Moja: Hiyo 250 ni ile mota inayoweza kutoa muda mrefu bila kuchemka, kwenye kilima hiyohiyo inapanda 500, 600 kwa muda mfupi na ni halali kabisa. Unalilia namba isiyokubana. Halafu asiyeweza kunyonga si anunue pikipiki aache uvivu.

Mama_Pacha: Uvivu?? Kaka angalia mdomo wako. Mi nyuma nina watoto wawili na mabegi yao, wewe unabeba nini zaidi ya chupa ya maji?

Chuma_Moja: Dada sijakutaja, nasema wale hawagusi pedeli, resi mkononi mwanzo mwisho.

Mama_Pacha: Umesema asiyeweza kunyonga. Soma ulichoandika.

Babu_Breki: Mnagombania wati wakati kinachoua ni spidi. Toka 25 mpaka 45 kishindo cha kugonga kinazidi mara tatu, maana nishati inafuata spidi mara spidi, piga hesabu. Ndo maana Ulaya zile za 45 wanazidai namba, bima na helmeti, sio baiskeli tena hizo.

Kipepe: Shikamoo babu, ila ya kwangu nimeichakachua ipite 25 na sijutii, uko katikati ya magari inakata 25, nyuma lori linakupigia honi, hapo nani yuko hatarini?

Babu_Breki: Marahaba. Na breki ulibadilisha, au bado zile zilizokuja nayo? Ukimgonga mtu bima inakuruka mchana kweupe.

Kipepe: Breki zinatosha.

Chuma_Moja: Zinatosha kama wati za Mnyongaji 😂

Mnyongaji: Mi sijasema zinatosha, nimeuliza! Turudi kwenye mada basi

Mama_Pacha: Mada itarudi huyu akijibu anabeba nini.

Chuma_Moja: Nabeba kilo 110, zote za kwangu. Umeridhika?

Mama_Pacha: Kumbe mwenye kuhitaji mota ni wewe 😂😂